Nyuki Anayetikisa Ua la Nyanya

Ua la nyanya ni bahili. Halina maji matamu ya kuwavutia wadudu, na chavua yake limeificha ndani ya kijimrija cha njano chenye uwazi nchani tu. Anayeitaka sharti alitikise.

Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Fundi wake ni nyuki mnene mwenye manyoya, wa jenasi ya Bombus, aliyezoea nchi za baridi. Huking'ata kijimrija kwa taya, akatuliza mbawa, kisha akaitetemesha ile misuli anayorukia, mara mia kadhaa kwa sekunde. Mvumo wake hupanda ghafla na chavua humwagika. Nyingi hushika kwenye manyoya yake. Kiasi kidogo kikigusa sehemu ya kike ya ua, nyanya inatungwa.

Shambani upepo nao husaidia kutikisa. Ndani ya kitalu nyumba hakuna upepo, ndiyo maana wakulima wa Uholanzi na Ubelgiji waliwalipa watu kupita na vitetemeshi vya umeme, shada kwa shada. Mwaka 1985 daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland De Jonghe, aligundua kwamba nyuki hawa huifanya kazi hiyo vizuri. Miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni ya kuwafuga na kuwauza, Biobest. Vitetemeshi vikawekwa kando. Kukawa na faida nyingine: mkulima aliyenunua nyuki hakuthubutu tena kunyunyiza sumu ovyo.

Biashara hiyo ina doa. Nyuki wa Ulaya walipopelekwa Chile mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoroka na kuenea, na Bombus dahlbomii, nyuki mkubwa wa huko mwenye rangi ya chungwa, ametoweka sehemu nyingi.

Afrika kusini mwa Sahara haina Bombus wa asili, wala haina haja ya kuwaagiza. Yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti, ambaye wengi humwona mharibifu tu, naye ni mtikisaji hodari. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walimkuta yeye na nyuki wengine wa porini wakichavusha mabilingani. Lakini ua la bilingani nalo halina maji matamu, hivyo nyuki hao hutegemea maua ya vichakani jirani na shamba. Mkulima anayefyeka mpaka kichaka cha mwisho anawafukuza vibarua wasiodai ujira. Abakize ukingo wa pori, na gogo kavu moja mawili la kutobolewa, boriti zake zipumue.