Umri wa Miamba na Asili ya Vipande vya Bara: Kisa cha Morisi

Kisiwa cha Morisi kilizuka baharini kwa nguvu za volkano, na miamba yake ya juu iliyo mikongwe zaidi ina umri wa takriban miaka milioni 9 tu. Hivyo basi, wanajiolojia walipotangaza mnamo mwaka wa 2013 kwamba mchanga wa fuo zake una chembe za zirkoni zenye umri wa hadi karibu miaka bilioni 2, swali lilizuka papo hapo: vipi kisiwa kichanga kibebe madini ya kale kukiliko?

Zirkoni ni madini magumu mno. Inapoganda kutoka katika magma, hupokea atomi za urani lakini huikataa risasi (yaani ile metali nzito, wala si ya bunduki). Baadaye urani huoza polepole na kugeuka risasi: nusu ya urani 238 huchukua miaka bilioni 4.47 kuoza, na nusu ya urani 235 miaka milioni 704. Kwa hiyo, uwiano wa urani na risasi ndani ya chembe hudhihirisha umri wake. Saa hizo mbili zikitofautiana, mtafiti hutambua kwamba chembe ilivurugwa.

Hata hivyo, mchanga ni shahidi wa kutiliwa shaka. Huweza kupeperushwa na upepo au kuletwa na vyombo vya baharini, na wapinzani hawakusita kulisema hilo. Mnamo mwaka wa 2017, Lewis Ashwal wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na wenzake walitoa jibu lenye uzito zaidi: zirkoni ya miaka bilioni 2.5 hadi 3 iliyofungika ndani ya mwamba wa trakiti ulioganda takriban miaka milioni 6 iliyopita. Upepo hauwezi kupenyeza chembe ndani ya mwamba. Sakafu ya Bahari ya Hindi nayo ni changa mno kuwa chimbuko lake. Yamkini magma ilipopanda ilipenya kipande cha bara kilichozama, ikazoa chembe hizo.

Umri huo unalandana na wa miamba ya kale ya Madagaska, Bukini ya Waswahili wa zamani. Kulandana pekee si ithibati, kwani vipande viwili visivyohusiana huweza kulingana umri. Lakini ramani ya mwachano wa Bara Hindi na Madagaska, uliotokea takriban miaka milioni 85 iliyopita, inakiweka kipande hicho, kilichoitwa Mauritia, baina yao. Jirani yake hakuzama kabisa: matale ya Mahé, Shelisheli, yenye takriban miaka milioni 750, yangali juu ya maji.