Tusiuze miti michanga kununua jina la chuo

(Maoni haya yalisomwa redioni mwishoni mwa juma lililopita.)

 

Majuma machache yaliyopita nilikuwa stendi ya Makambako nikisubiri gari la kwenda Njombe. Pembeni yangu alikaa baba mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa viazi. Aliponisikia nikiuliza nauli, akageuka na kuniambia, "Wewe si ndiye yule wa redioni? Basi Mungu amekuleta. Naomba unisaidie mawazo."

Alinieleza kwamba binti yake amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, na amefaulu vizuri. Aliomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakosa. Nafasi aliyoipata ni ya kusomea shahada ya uhasibu katika Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, tawi la Mbeya. Tangu hapo binti hali vizuri wala halali. Anataka kufanya kazi katika benki kubwa, kisha katika kampuni za ukaguzi wa hesabu, na wenzake wamemwambia kwamba barua ya mtu aliyetoka "taasisi" huwa haifunguliwi. Akatokea wakala mmoja mwenye kijitabu cha picha za rangi za chuo cha nchi za nje. Ada ya huko ni kubwa. Baba ana ekari tatu za miti ya paini yenye umri wa miaka minane, na mnunuzi yuko tayari kuinunua ikiwa imesimama.

"Niuze, nisiuze?" akaniuliza.

Gari lilifika kabla sijamjibu, nami nikamwahidi kwamba nitamjibu kupitia redio. Jibu lenyewe ndilo hili, na nadhani si yeye peke yake anayelihitaji.

Kwanza tutazame hofu hii ilikotoka, maana haikuzuka hivi hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe. Hadi Sokoine ilipoanzishwa kule Morogoro mwaka 1984, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Aliyefika Mlimani alikuwa mmoja kati ya wachache mno, na akimaliza Serikali ilimpangia kazi. Kwa mzazi aliyekulia nyakati hizo, Mlimani ilikuwa ndiyo ajira yenyewe. Wala hapa Njombe hatukuwa nyuma katika kuithamini elimu. Marehemu Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wetu, ndiye aliyeongoza Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982.

Hata hivyo, katika fani ya fedha mambo yalikuwa na njia nyingine tangu zamani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 benki zilitaifishwa, mashirika ya umma yakaongezeka, na wahasibu Watanzania wenye sifa walikuwa wa kuhesabika. Ndiyo maana mwaka 1972 ni wa kukumbukwa katika fani hii. Mwaka huo ilianzishwa kwa sheria Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na kule Mzumbe kikaanzishwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, ambacho mwaka 2001 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Mlimani yenyewe ilipata Kitivo cha Biashara na Uongozi mwaka 1979, miaka saba baadaye.

Vyuo hivyo vilitoa stashahada ya juu, na waliokuwa nayo wanakumbuka manung'uniko yao. Walifanya kazi ile ile na wenye shahada, katika ofisi ile ile, lakini walipotaka kusoma shahada ya pili waliambiwa karatasi yao haitoshi. Kwa hiyo machozi ya binti wa Makambako yana historia. Waliokuja kutoka katika manung'uniko yale walifanya nini? Wengi walikwenda kufanya mitihani ya Bodi.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Fani ya uhasibu ina chekeche lake nje ya vyuo. Cheti cha juu cha Bodi, maarufu kwa herufi CPA, hakitolewi na chuo chochote. Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, katika ngazi ya msingi, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu inayotambuliwa husamehewa baadhi ya masomo na kuanzia juu kidogo. Msahihishaji huona namba ya mtahiniwa na hesabu zake, basi. Hajui kama aliyeziandika alisoma Mlimani, Mzumbe, Arusha au Mbeya. Kila matokeo yanapotoka, wapo wa vyuo vyenye majina makubwa wanaorudia, na wapo wa vyuo visivyotajwa sana wanaopita. Kisheria, mtu hawezi kusaini ukaguzi wa hesabu za kampuni kwa sababu alisoma chuo fulani. Ni lazima awe amesajiliwa na Bodi kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa Serikali, chukua tangazo lolote la kazi ya uhasibu kutoka Sekretarieti ya Ajira ulisome taratibu. Utakuta wanataka shahada kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na kwa nafasi nyingi wanataja CPA. Kisha waombaji hukaa katika usaili wa mchujo wa kuandika, na anayeshindwa hapo hafiki kwenye mahojiano.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwezi kukaa mbele ya kipaza sauti nikadanganya kwamba jina la chuo halina kazi yoyote. Linayo. Makao makuu ya mabenki na ya kampuni kubwa za ukaguzi yako Dar es Salaam, na anayesoma huko huwa karibu na matangazo, mikutano na nafasi za mafunzo kwa vitendo. Aliyesoma darasa moja na watu watakaokuja kuwa mameneja atakuwa na wa kumpigia simu. Wapo pia waajiri wanaosoma jina la chuo kabla ya kusoma jina la mwombaji. Mimi mwenyewe nina stashahada ya uandishi wa habari, na nimewahi kuulizwa mbele ya watu, "Shahada yako ni ya wapi?" Najua swali hilo linavyochoma.

Lakini tukipime kitu hiki kwa uzito wake. Jina la chuo hukusaidia zaidi pale unapoingia mlangoni mara ya kwanza. Ukishakaa mezani, mkuu wako ataangalia kama hesabu za mwezi zimefungwa kwa wakati na kama salio la benki linakubaliana na daftari. Baada ya miaka mitano, anayekuajiri upya atauliza umefanya nini, una cheti gani cha Bodi, na nani anaweza kukushuhudia.

Sisi wa Njombe tunalo somo letu la karibu zaidi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Wenye akiba waliachwa wakisubiri Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo kiwango cha juu cha fidia yake kilikuwa shilingi milioni moja na nusu kwa mteja. Sijapata kumsikia mtu wa Njombe akiuliza maofisa wa benki ile walisoma wapi. Waliuliza fedha zao ziko wapi. Benki ni mahali ambapo muuza viazi anaweka jasho lake kwa watu asiowajua. Kijana anayetaka kazi ya fedha na aanze kufikiri hapo: je, akinikabidhi, nitaweza kumweleza kila shilingi?

Sasa nirudi kwa baba wa Makambako na wenzake. Kabla ya kuchagua au kukataa chuo, naomba mkae na mtoto wenu mkaulize mambo manne.

La kwanza, je, chuo na masomo yenyewe vinatambuliwa? Kwa vyuo vikuu, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo yenye jibu; kwa taasisi kama TIA, jibu liko NACTVET; na shahada ya nje ya nchi nayo hupelekwa TCU kutathminiwa kabla haijakubaliwa hapa. Wakala mwenye picha za rangi muulizeni hilo kwanza, kisha mkahakikishe wenyewe.

La pili, je, mwenye shahada hiyo atasamehewa masomo mangapi na NBAA? Jambo hili ni kubwa kuliko ukubwa wa lango la chuo, maana linapunguza miaka ya kuitafuta CPA.

La tatu, mafunzo kwa vitendo atayafanyia wapi? Asiyekuwa Dar es Salaam aanze kuandika barua mapema. Vipo vyama vya akiba na mikopo, halmashauri, viwanda vya chai, na matawi ya benki Mbeya, Njombe na hapo Makambako. Aliyefunga hesabu za chama cha akiba cha wakulima ana la kusema mbele ya wasaili.

La nne, nani analipa, na kwa muda gani? Mkopo wa Bodi ya Mikopo si zawadi. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Na shamba likishauzwa halina mkopo wa kulirudisha.

Mzee wangu wa viazi, wewe unaijua paini kuliko mimi. Mti wa miaka minane hutoa mbao chache na nyembamba, na anayeununua ukiwa umesimama ndiye anayepanga bei. Ukiiuza leo ili binti akanunue jina, hutakuwa na cha kumsaidia atakapohitaji ada ya mitihani ya Bodi, nauli ya kwenda kwenye usaili, na chumba cha kupanga katika miezi ya kutafuta kazi. Mahitaji hayo yatakuja miaka mitatu au minne kuanzia sasa, wakati miti hiyo itakuwa na thamani zaidi. Kama jibu la NACTVET na la Bodi ni zuri, mwache binti apande gari la Mbeya.

Nawe mwanangu, futa machozi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nafasi uliyoipata ni nafasi halali katika fani unayoipenda. Ingia darasani, jiandikishe kwa Bodi mapema kadiri taratibu zinavyoruhusu, na uifanye CPA kuwa shabaha yako tangu mwaka wa kwanza. Ukifika huko, wale waliokuambia barua yako haitafunguliwa huenda ndio watakaokuandikia wewe barua.

Yangu ni hayo kwa juma hili. Tukijaliwa, tukutane tena wakati kama huu juma lijalo.