Nyumba Yatengenezwa, Jamaa Yakaa Ndani

Mvua za mwisho zikiisha kukatika mwezi wa Aprili, watu wa Luano, kule kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, huanza kuzitazama nyumba zao kwa jicho lingine. Ukuta uliolowana tangu Novemba waonyesha ufa wake. Dari lina madoa ya maji. Mlango umevimba, haufungiki sawasawa. Ndipo baba, akiisha kula bukari yake jioni, asemapo neno ambalo mama amelingoja tangu Krismasi: "Mama watoto, kiangazi hiki tutatengeneza nyumba."

Neno hilo ni jema. Walakini kulitamka ni kazi ya dakika moja, na kulitimiza ni kazi ya miezi mingi. Tena katika miezi hiyo jamaa haina mahali pengine pa kwenda. Wenye mali huhamia nyumba nyingine mpaka mafundi wamalize. Sisi wengi twalala, twapika, twasoma na kuugua ndani ya nyumba ile ile inayobomolewa. Basi, wasomaji wapenzi, leo tuongee habari ya jamaa hiyo. Juu ya matofali na saruji wengi wanajua. Juu ya watu wanaoishi katikati ya matofali hayo ni wachache wanaofikiri.

KWA NINI WAKATI WA BARIDI?

Mgeni atokaye pwani au Kinshasa hushangaa akikuta baridi hapa kwetu. Lakini Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, tena iko mbali kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni na wa Julai jua lawaka vizuri mchana, mbingu haina wingu. Usiku kipimo cha joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Watoto huamka wakitetemeka.

Hata hivyo ndio wakati wa kujenga, wala hakuna mwingine. Tofali bichi lahitaji jua na upepo mkavu. Likinyeshewa hurudi kuwa tope. Huku Katanga udongo mzuri wa matofali hutoka katika vichuguu. Mchwa hujenga vichuguu vikubwa kama nyumba, vingine vyapita mita 5, nao huleta juu udongo wa mfinyanzi kutoka chini. Watu huuchimba, huulowesha, huukanyaga na kuutia katika kalibu ya mbao. Matofali yakiisha kukauka, huyapanga yawe tanuru, huipaka tanuru tope kwa nje, kisha huwasha kuni ndani yake siku kadhaa, mchana na usiku. Kazi hiyo hula kuni nyingi sana. Nayo, pamoja na kuchoma makala, imeyafukuza mapori ya miombo mbali na mji. Kwa hiyo ukibomoa ukuta, tofali zima la zamani si takataka. Lisuguliwe, lipangwe kando, lirudi kazini.

ZAMANI NYUMBA ILIKUWA YA KAMPUNI

Wazee wetu wengi walizaliwa katika kambi za Union Minière. Kampuni ile iliundwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwatuliza wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao na watoto. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Bati likitoboka, kampuni ililitengeneza. Mtu akiacha kazi, aliiacha na nyumba.

Aliye na nyumba yake mwenyewe leo amepata uhuru ambao babu yake hakuwa nao. Lakini uhuru huo una mzigo wake: hakuna ofisi ya kupeleka mashtaka. Shauri lote ni la watu wawili, baba na mama, nao mara nyingi hawaoni jambo moja. Baba aona ukuta wa mbele na mlango wa chuma, kwa maana ndivyo vinavyoonwa na wapitao njiani. Mama aona jiko ambalo moshi wake warudi ndani, na bati la chumba cha watoto linalovuja juu ya kitanda.

"Baba watoto," asema mama, "wageni wataupita ukuta wako mara moja. Mtoto wako atalala chini ya bati lile kila usiku."

Mama huyo ana haki. Katika kutengeneza nyumba iko taratibu ambayo fundi mwaminifu atawaambia: kwanza mabati, au malata kama tusemavyo huku, halafu mfereji wa kuondoa maji kwenye msingi, halafu vyumba vya kulala na jiko, mapambo yaje mwisho. Ukuta uliopakwa rangi chini ya bati bovu utatoa rangi yake mvua za kwanza.

Tena fedha zihesabiwe kabla nyundo haijapiga. Shule hufunguliwa Septemba, na karo yadaiwa wakati ule ule ambapo paa ladai misumari. Jamaa yenye akili hutenga mafungu matatu: la shule, la ugonjwa, na la nyumba. Fungu la nyumba likiisha, kazi isimame. Mafungu mengine yasiguswe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kweli. Lakini wako pia waliobomoa ukuta mzima kwa ajili ya ufa mmoja, na mvua za Novemba zikawakuta chini ya turubai. Kanuni ni hii: usifungue leo kile usichoweza kukifunika kabla ya Oktoba.

CHUMBA KIMOJA KISIGUSWE

Kosa kubwa ni kuanza pande zote kwa siku moja. Chumba kimoja kibaki kizima mpaka kingine kiwe tayari. Humo walale watoto wadogo na wazee, na humo iwekwe meza moja yenye taa kwa ajili ya mwanafunzi. Mwezi wa Juni ni mwezi wa mitihani. Mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari, anayejitayarisha kwa Mtihani wa Serikali, hawezi kukaa usiku kucha katika vumbi la chokaa huku mjomba apiga misumari juu ya kichwa chake. Nyundo na inyamaze jua likichwa. Ukuta waweza kungoja kiangazi kingine, mtihani haungoji.

Wanafunzi nao wasikae kama wageni. Wanaweza kusugua matofali ya zamani na kuokota misumari isije ikamchoma mtu mguu. Yafaa pia wanyunyizie maji ukuta mpya uliokwisha kuwa mgumu, asubuhi na jioni, kwa muda wa juma moja. Hewa ya kiangazi ni kavu mno. Saruji isiponyweshwa hukauka upesi, nayo huvunjika kama biskuti. Lakini kuchanganya saruji wawaachie wakubwa. Vumbi lake ni baya kwa kifua, na saruji mbichi hula ngozi. Mkono ulioingia humo uoshwe mara moja. Tena mkikuta katika nyumba ya zamani mabamba ya asbesto, msiyakate kwa msumeno wala kuyavunja. Vumbi lake laweza kuleta kansa ya mapafu baada ya miaka mingi.

MBABULA YAWEZA KUUA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika habari hii.

Nyumba ikitengenezwa wakati wa baridi, mambo matatu hukutana. Madirisha yameondolewa, na matundu yake yamezibwa kwa magunia na plastiki. Watu wote wamesongamana katika chumba kimoja. Na kwa kuwa baridi ni kali, mama aingiza mbabula yenye makala mekundu, aiweka katikati, afunga mlango. Makala hayatoi moshi tena. Wote wafikiri kwamba hakuna hatari.

Hatari iko. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu yake kwa nguvu kupita mara 200 nguvu ya oksijeni, ambayo ndiyo hewa ya uzima. Basi mwili hukosa hewa ingawa kifua chapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliye macho hudhani ni malaria au chakula kibaya. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Tena balaa hiyo yaweza kuzaa nyingine. Watu wakikutwa wamekufa pamoja bila jeraha, minong'ono ya uchawi huanza, na bibi kizee asiye na hatia huweza kufukuzwa kwake. Mchawi hakuwako. Palikuwa na mbabula na mlango uliofungwa.

Wako wanaosema kwamba bakuli la maji kando ya mbabula huondoa sumu. Si kweli. Dawa ni moja: mbabula ilale nje. Ote moto barazani, upike barazani, na saa ya kulala iache huko huko. Ndani mpate joto kwa njia nyingine. Tandikeni majani makavu au mikeka chini ya magodoro, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili. Wavisheni watoto soksi na fulana mbili. Chukueni tofali lililopashwa moto, mlijaribu kwanza kwa mkono, mlivingirishe katika kitambaa, na kuliweka miguuni pa kitanda. Hutunza joto muda mrefu. Na mkikuta watu wamelegea katika chumba chenye moto, fungueni milango, watoeni nje upesi, kisha wapelekeni hospitali bila kuchelewa.

KABLA YA KULALA

Tarehe 1 Agosti, Sikukuu ya Wazazi, jamaa nyingi za Luano, kama zilivyo nyingi katika Kongo yote, husafisha makaburi asubuhi, na baadaye watoto huwaandalia wazazi wao karamu. Labda mwaka huo meza itawekwa katika chumba kisicho na mlango, na vumbi litaangukia lengalenga. Si aibu. Jambo la kutazama ni kwamba wote waliokuwako mwezi wa Mei wameketi pale mezani, wazima.

Basi baba na mama wanaoanza kazi kiangazi hiki, leo kabla ya kulala zungukeni nyumba yenu pamoja, na mtoto mmoja ashike daftari. Andikeni kitakachotangulia na kitakachongoja. Andikeni chumba kisichoguswa. Halafu tazameni mbabula imelala wapi.