Watoto Katika Bustani ya Mimea: Somo la Amani

Bustani ya mimea si mahali pa kupumzikia tu. Ni mkusanyiko wa mimea hai, ambamo kila mti una jina lake, nchi yake ya asili, na sababu iliyoufanya upandwe. Mtoto wa miaka sita hawezi kusoma majina ya Kilatini, lakini aweza kuuchunguza mti wenyewe kwa macho, kwa pua na kwa viganja. Kwa hiyo yafaa wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na mwalimu wao, wawachukue wadogo zao kuitembelea.

Mfano mzuri ni Bustani ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliianzisha mwaka 1902 ili kujaribu mimea ya nchi za mbali iliyodhaniwa kuwa na faida. Tangu mwaka 1997 imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Watu wengi hukosea kwa kutaka kuona kila kitu. Watoto wadogo huchoka upesi. Mimea mitatu yawatosha.

Wa kwanza ni mkwinini (Cinchona), ambao asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mtoto aweke karatasi juu ya gome na kuisugua kwa mkaa. Mistari ya gome itajichora yenyewe. Kisha aelezwe kwamba ndani ya gome hilo mna kwinini, dawa ya malaria iliyotengwa na wanakemia wa Kifaransa mwaka 1820. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wa Amani waliitengeneza kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yamekatiwa njia ya bahari. Hapa pia ndipo pa kuweka sharti: mtoto asitie mmea wowote kinywani, kwani dawa na sumu aghalabu hukaa katika mti mmoja.

Wa pili ni mmea mdogo wa msituni, wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, umeao juu ya miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka uliofuata ukaitwa Saintpaulia kwa heshima yake. Leo hupambia madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, lakini aina zake za porini zimo hatarini kwa sababu misitu yake inapungua. Mtoto auguse kwa kidole kimoja, wala asiuchume.

Wa tatu ni msizi (Maesopsis eminii). Mti huu ni wenyeji wa Bukoba, Uganda na Kongo, lakini katika Usambara ni mgeni aliyeletwa kupandwa. Watoto watafute miche yake. Wataiona hata mbali na mti mzazi. Hapo waulizwe: mbegu ilifikaje huku, nayo haina miguu? Waachwe wabuni majibu kabla ya kuelezwa habari za hondohondo, ndege amezaye tunda na kuiangusha kokwa mahali pengine.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Miti mikubwa ya msitu wa Usambara ilipokatwa kwa ajili ya mbao, mwanga uliingia, na msizi, ambao hukua haraka penye mwanga, ukajaza nafasi hizo na kuzuia miti ya asili isirudi. Msitu uliendelea kuonekana wa kijani kibichi, lakini haukuwa tena msitu ule ule. Bustani iliyokusudiwa kuleta faida ilileta mgeni asiyekubali kukaa ndani ya mipaka yake.

Shule iliyo mbali na Amani haina haja ya kukata tamaa. Katika viwanja vya shule nyingi umo mwembe kutoka Asia, mwarobaini kutoka Bara Hindi, au mkorosho kutoka Brazili. Mwanafunzi amsimamishe mdogo wake chini ya mmoja wao na kumfundisha kuuliza maswali mawili: mti huu umetoka wapi, na tangu ufike hapa umefanya nini? Atakayezoea kuuliza hivyo utotoni hatapanda mche ukubwani bila kufikiri.