Maporomoko ya Kabalega: Darasa kwa Mwenye Bunduki

Mpiganaji apewapo likizo huelekea kwao moja kwa moja, na hiyo ni haki yake. Lakini aliyebakiwa na siku mbili za ziada atafanya vyema kushika njia ya Masindi, aifikie Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls. Hii ndiyo mbuga kubwa kuliko zote za Uganda, nayo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1952.

Hapo Mto Naili hubanwa na majabali katika mwanya wa mita 7 hivi, kisha huanguka mita 43 kwa ngurumo isikikayo mbali. Chini yake maji hutulia, na mashua huwachukua wageni kutoka Paraa hadi karibu na maporomoko, wakiwapita viboko waliozama hadi masikioni na mamba walioachama vinywa kandokando ya maji.

Mwingereza Samuel Baker alifika hapo mwaka 1864, akayapa maporomoko jina la Roderick Murchison, bwana mkubwa wa wanajiografia wa London. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, na jina hilo lastahili kukumbukwa na kila askari.

Kabalega alikuwa Omukama wa Bunyoro, aliyeunda jeshi la kudumu, Abarusura. Mwaka 1872 Baker alirudi akiwa mtumishi wa mtawala wa Misri, akatangaza huko Masindi kwamba Bunyoro imekuwa mali ya Misri. Haukupita muda, akalazimika kuondoka huku akishambuliwa njia nzima. Waingereza walipoivamia Bunyoro, Kabalega aliuacha mji wake akapigana vita vya msituni kwa miaka 5 hivi, hata akavuka Naili na kuingia Lango. Huko alijeruhiwa na kukamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Seychelles. Alifariki Jinja mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao.

Hiyo ni bunduki iliyolinda nchi. Lakini mbuga hii imeona pia bunduki ya namna nyingine. Baada ya vita vya 1979 silaha zilizagaa, na miongoni mwa waliowaua tembo na vifaru kwa ajili ya nyama, pembe na fedha walikuwamo watu waliovaa sare. Kufikia miaka ya kati ya 1980 hapakuwa tena na kifaru mwitu nchini Uganda.

Mwaka 2005 vifaru walianza kurudishwa, wakawekwa mahali paitwapo Ziwa, wilayani Nakasongola, ambapo walinzi wenye silaha huwafuata usiku na mchana. Msafiri wa Masindi anaweza kupitia huko. Atamkuta mlinzi amesimama na bunduki yake, na kifaru akila majani hatua chache mbele yake bila hofu. Ndugu askari, hiyo ndiyo kazi tuliyoapa kuifanya.