Masisi na Walikale: koltani inatoka hapa, diski ya serva inatoka mbali

Rubaya, katika wilaya ya Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Bisie, wilayani Walikale, ilitoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia mwaka wa 2024. Madini hayo huishia ndani ya ordinateri: tantali ya koltani katika vipande vidogo vinavyotuliza umeme, bati katika kulehemu. Lakini serva ya hospitali ao ya redio ikipoteza diski huko Masisi ao Walikale, ya kuibadilisha lazima itoke mbali.

Serva ni ordinateri inayotunza mafaili ya watu wengi: kadi za wagonjwa, hesabu za mishahara, sauti za redio. Diski zake huzunguka usiku na mchana, na umeme ukikatika ghafla, zile za zamani zinaumia zaidi.

Njia ngumu

Kundi la M23 lilichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, kisha Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki zikafunga milango. Machi 2025 waasi waliingia Walikale-centre, na mwezi huohuo mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi hadi Aprili. Kifaa kinachotoka Nairobi ao Kampala kinapita barabarani hadi Goma, kisha Sake na milima ya Masisi. Upande wa Walikale kuna pia barabara ya Kisangani kupitia Lubutu, ambayo mvua huigeuza tope.

Kwa hiyo diski isiyofaa ni hasara mara mbili: feza zimekwenda, na kuirudisha dukani ni safari nyingine.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Kwanza, aina. Serva za zamani hutumia diski za SAS ao SATA. Ya SAS haiingii katika serva ya SATA peke yake, hata kama kwa macho zinafanana. Pili, ukubwa wa umbo: inchi 2.5 ao inchi 3.5. Tatu, nafasi: diski mpya isiwe ndogo kuliko ile iliyokufa. Serva fulani hukataa diski isiyo na programu ya kampuni iliyozitengeneza. Kwa hiyo ni vizuri kunakili namba yote iliyoandikwa kwenye diski ya zamani, ao kuipiga picha na kumtumia muuzaji.

Diski iliyokwisha kutumika inaweza kufaa, lakini ipimwe mbele ya mnunuzi. Programu ya kupima huonyesha saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja ni saa 8,760. Diski yenye saa 50,000 imekwisha kupita miaka mitano.

Njiani, ifungwe katika mfuko wa kuzuia umeme na sponji nene, kwa maana mtikisiko wa pikipiki unaweza kuiua kabla haijafika.

Usingoje ya pili

Serva zilizopangwa kwa RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu. Ya pili ikifa kabla ya kubadilisha ya kwanza, mafaili yote yanapotea, na mara nyingi diski zilizobaki zina umri uleule. Mwenye uwezo anunue mbili kwa safari moja. Asiye na uwezo aanze leo kunakili mafaili kwenye diski ya nje na kuitunza katika nyumba nyingine. Serva inaweza kungoja barabara ifunguke. Kadi ya mgonjwa iliyopotea haiwezi kununuliwa Goma wala Dubai.