Hirizi ya Degedege na Saa Zinazopotea

Huku kwetu Kibondo na Kasulu, mvua zikikolea mbu huongezeka, na si mara moja wala mbili ninapomfunua mtoto mwenye homa nikakuta uzi mweusi shingoni na kifurushi cha ngozi kilichoshonwa.

Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka 2. Alikuwa na homa tangu juzi yake. Alfajiri akakakamaa, macho yakapinduka. Bibi yake akasema hiyo ni degedege, akichomwa sindano atakufa. Akafukizwa, akavikwa hirizi. Jioni aliposhindwa kuamka ndipo ikatafutwa baiskeli. Kipimo kilionyesha malaria, na sukari mwilini ilikuwa imeshuka mno. Alhamdulillah alipona, lakini mchana kutwa ulikuwa umepotea.

Degedege si dege linalompitia mtoto, wala si jini. Huweza kuletwa na homa kali, na pia na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au upungufu wa sukari. Haya huua haraka. Na ile hofu ya sindano ina chanzo chake: mtoto aliyecheleweshwa hufika mahututi, akifa baada ya kuchomwa, lawama huangukia sindano.

Mtume (s.a.w.) amekataza kutundika hirizi. Iliyoandikwa Qur'an wanachuoni wamekhitalifiana. Mimi naegemea kwa wanaoizuia, maana mtoto huinyonya na huingia nayo chooni. Suratul Ikhlas, Falaq na Nas hazihitaji uzi. Zinasomeka hata mkiwa juu ya baiskeli mkielekea zahanati.

Tena uzi wenyewe hushika jasho na uchafu. Mtoto hukua, uzi haukui. Nimekuta vidonda chini yake. Hata hivyo siukati bila idhini ya mama. Akiaibishwa leo, kesho atamficha mtoto ndani.

Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo na uzi wowote wa shingoni. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe kitu, msimfukize. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata degedege ikiwa imetulia, hata kama ni usiku wa manane. Mkifika mwambieni mhudumu ilianza saa ngapi, na bila kuficha, mtoto amepewa dawa gani nyumbani.